Njugu za Sukari za Usiku wa Kuamkia Idi: Kisa cha Makarai Mawili, Wete

Usiku wa kuamkia Idi el Fitri ya mwaka 2024, ambayo iliangukia tarehe 10 Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, wifi yangu mdogo alipika makarai mawili ya njugu za sukari, yaani karanga zilizovikwa sukari, katika jiko la nyumba ya wakwe zangu, Wete, kisiwani Pemba. Karai la kwanza aliliona limeharibika. La pili aliliona limefaulu kuliko alivyotarajia. Kulipokucha mambo yalikuwa kinyume kabisa: njugu alizozisifu zilikuwa zimelowa na kushikamana, na zile alizozidharau zilikuwa kavu, zikilia ndani ya kopo kama kokoto. Nilikuwapo tangu njugu zilipochaguliwa mpaka zilipoliwa, na kwa kuwa watu kadhaa wamekwisha kuniuliza kwa nini njugu zao hazikauki, nimeona kisa hiki kinastahili kuelezwa chote, pamoja na yale tuliyoyajaribu baadaye ili tuwe na hakika.

Ninavyoona mimi, mkono wa wifi yangu haukuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika kuutaka mng'aro ambao hewa yetu ya visiwani haiuachi ukadumu, na katika kuiogopa sukari iliyoganda mchanga, ilhali ndiyo sukari ile ile ambayo kila nyumba hapa inaitaka juu ya visheti.

Nianze na vitu vyenyewe. Kwa kila karai alipima vikombe vinne vya njugu mbichi zenye maganda yake mekundu, vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na kijiko cha iliki na mdalasini uliosagwa. Vipimo hivyo ni vyema na mpaka leo sijaona sababu ya kuvibadilisha. Alivipata katika video aliyoitazama kwenye simu, ambamo mpishi wa nchi ya baridi alikuwa akipika lozi, nazo zikatoka zikimeta kama shanga za kioo. Mng'aro huo ndio uliomkaa moyoni. Alikuwa amejipa kazi ya kujaza pakiti 40 za karatasi kwa ajili ya watoto watakaokuja kupokea mkono wa Idi, pamoja na sahani mbili za wageni, na alitaka kila pakiti ikifunguliwa imete vivyo hivyo.

Njugu alizinunua sokoni, nazo, kama njugu nyingi tunazokula huku, zilikuwa zimevuka bahari kutoka Bara. Tulizichagua juu ya ungo kwa muda wa nusu saa, na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hatua hii watu wengi huiruka kwa kudhani kwamba sukari na moto vitasafisha kila kitu. Njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, nayo haiondoki yote kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa katika shira, na utamu wa sukari huificha ladha chungu ya njugu hiyo ambayo pengine ingemfanya mtoto aiteme. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Si jambo la kusikia kwa mbali. Zilizotiliwa shaka zilitupwa, nazo zilijaa kiganja kizima, na mama mkwe wangu, ambaye hapendi kutupa hata punje ya mchele, ndiye aliyesisitiza zisibaki hata kwa kuku.

Karai la kwanza lilibandikwa baada ya futari, juu ya jiko la gesi, moto wa wastani. Kila kitu kilitiwa kwa pamoja, jambo ambalo, isipokuwa kwa iliki na mdalasini, ni sahihi, maana njugu mbichi hupikika polepole ndani ya shira na kisha hukaangika shira inapokauka, hivyo hazihitaji kukaangwa kwanza. Kwa dakika tano za mwanzo hakuna la kueleza: sukari iliyeyuka, maji yakageuka mekundu kidogo kwa rangi ya maganda, povu likapanda likashuka. Kisha viputo vikaanza kuwa vikubwa na vizito, vikipasuka kwa uvivu, na mwiko ukawa ukipita unaacha njia chini ya karai ambayo hukaa kitambo kabla ya kujifunika. Wifi yangu alikuwa akikoroga bila kupumzika. Mara, katika muda usiozidi dakika moja, shira iliyokuwa angavu ikaingia ukungu, ikawa nyeupe kama uji, ikajivuta, na kabla hajaweka mwiko chini njugu zote zikawa zimevikwa mchanga mkavu wa rangi ya kijivu, na mchanga mwingine umelala chini ya karai.

"Wifi, shira imenigandia," aliniambia, na uso ulimshuka. "Haya, njoo uone, imekuwa mchanga mtupu."

Nami, nikiri, sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia ajaribu kuongeza maji. Akatia nusu kikombe, mchanga ukayeyuka, shira ikarudi kuwa shira, na kazi ikaanza upya. Baada ya dakika saba nyingine ikaganda tena vile vile, ila sasa maganda ya njugu yalikuwa yamelowana na baadhi yamebanduka, na njugu zenyewe zilikuwa zimechemka badala ya kukaangika. Akaziepua zikiwa hivyo, akazimimina juu ya sinia, akazisukuma pembeni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kibao chake cha mbuzi karibu na mlango, akikuna nazi. Aliinyosha shingo, akachukua njugu moja kutoka kwenye sinia, akaitafuna, akasema, "Njugu bado kidogo ubichi. Lakini sukari ina nini? Hii si sukari ya visheti hii?" Hakuna aliyemjibu. Zilipopoa sawasawa alizikusanya, akazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalibana kifuniko, akaliweka juu ya kabati.

Kwa karai la pili wifi yangu alikwisha kumpigia rafiki yake mmoja simu, akaambiwa atie ndimu. Alikamua nusu ndimu katika shira tangu mwanzo, na ushauri ule ulifanya kazi kama ulivyoahidiwa. Shira ilikolea, ikapita pale ilipoganda mara ya kwanza bila ya kuingia ukungu, ikaanza kupata rangi ya asali, kisha rangi ya chai ya rangi, na jiko zima likanukia sukari iliyoungua kwa kiasi. Alizimimina njugu juu ya sinia lililopakwa samli, akazitenganisha kwa uma mbili huku akipuliza vidole, na kwa kweli zilikuwa nzuri. Chini ya taa zilikuwa zinameta kila upande. Zikiwa bado zina uvuguvugu alizigawa katika pakiti 40, akazikunja midomo, akazipanga katika kapu, akaliweka kapu dirishani ambapo upepo wa mvua ulikuwa unaingia. Tukalala karibu na saa nane za usiku.

Asubuhi, waume waliporudi kutoka kwenye sala na watoto wa kwanza walipobisha hodi, kila pakiti ilikuwa donge moja. Karatasi ilikuwa imelowa kwa ndani na kugandamana na sukari, kiasi kwamba mtoto mmoja alikuwa akizitafuna njugu pamoja na karatasi. Wifi yangu alitaka kulia. Mama mkwe akashusha kopo juu ya kabati, akalitikisa, likalia. Watoto waliobaki walipewa zile za mchanga, na hawakulalamika.

Hicho ndicho kisa. Sasa tutazame sababu zake.

Sukari tunayoipika ni fuwele, yaani chembe ambazo ndani yake kila kitu kimejipanga kwa safu. Tukiiyeyusha katika maji safu hizo huvunjika. Maji ya nyuzi joto 20 hukubali sukari yenye uzito wa mara mbili ya uzito wake. Maji yanayochemka hukubali karibu mara tano. Kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke, shira inabaki na sukari nyingi kuliko ile ambayo maji yaliyobaki yanaweza kuibeba, na joto la kuchemka hupanda. Shira yenye sehemu tisa za sukari kwa sehemu moja ya maji huchemka kati ya nyuzi 120 na 125, si nyuzi 100 tena. Ikiwa katika hali hiyo, sukari inatafuta kisingizio cha kurudi kwenye safu zake. Mwiko unaozunguka ni kisingizio cha kutosha, na ganda la njugu lenye mikwaruzo ni kisingizio kingine. Chembe moja ikijipanga huwavuta jirani zake, na ndiyo maana jambo linatokea ghafla, karai zima kwa mara moja. Kwa hiyo mchanga ule haukuja kwa sababu maji yalikuwa machache mwanzoni, wala kwa sababu sukari ilikuwa mbaya. Ulikuja kwa sababu alikoroga vizuri. Kuongeza maji, ushauri ambao niliutoa mimi, kulirudisha tu safari nyuma na kuzilowesha njugu bure.

Mama mkwe aliliona hilo kabla yetu. Mwenye kupika visheti huchemsha shira mpaka ishike, huimimina juu ya visheti vilivyokwisha kukaangwa, kisha hutikisa na kugeuza bila kuchoka mpaka shira iache kung'aa na kuwa nyeupe, kavu, imevikamata visheti pande zote. Hakuna mtu Pemba wala Unguja ambaye atasema visheti hivyo vimeharibika. Kisheti ambacho sukari yake imebaki inanata ndicho kinachosemwa. Mafundi wa ubuyu nao wanajua namna ya kuizungusha shira mpaka ikaukie juu ya mbegu. Na njugu za sukari zinazouzwa barabarani, zilizofungwa katika vifuko vidogo, karibu zote ni za mchanga, nyekundu au kahawia, zenye vumbi la sukari ambalo mtoto huligeuza mfuko na kulimimina mdomoni. Wauzaji wale hawakushindwa kupata mng'aro. Bidhaa yao inakaa nje siku nzima na lazima ibaki kavu. Wifi yangu ameshika mwiko wa visheti tangu akiwa msichana wa miaka kumi, lakini kwa kuwa njugu zilimjia kupitia simu, akiwa na picha ya lozi zinazometa kichwani, hakuitambua kazi yake mwenyewe ilipomtokea mbele ya macho.

Ndimu nayo ilifanya nini? Asidi iliyomo ndani yake, ikisaidiwa na moto, huigawa sehemu ya sukari katika sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi. Hizi zikichanganyika na sukari ya kawaida huivuruga isiweze kujipanga kwa safu, kama vile mtu wa kimo tofauti anavyovuruga msitari wa gwaride. Shira hupita pale pa kuganda, huendelea kupoteza maji, na ikifika nyuzi 150 hivi inakuwa karibu kavu. Ikipoa haraka inabaki angavu na ngumu, ila ndani yake hakuna mpango. Ni kioo cha sukari. Kioo hiki ni kizuri, hupasuka vyema chini ya meno, lakini kina udhaifu mkubwa: hunyonya maji kutoka hewani kwa pupa, na kikinyonya kidogo tu hulainika hata katika joto la kawaida la nyumbani, kikaanza kunata, kisha kutiririka.

Hapa ndipo hewa yetu inapoingia. Chembe za sukari ya kawaida, zikiwa zimejipanga, hubaki kavu mpaka unyevu wa hewa ufike asilimia 85 hivi. Chini ya hapo hazina haja na maji. Fruktosi, ambayo ndimu ndiyo iliyoizalisha, huanza kuyeyuka yenyewe katika unyevu wa asilimia 62 hivi, na katika mchanganyiko na sukari nyingine huanza mapema zaidi. Usiku wa masika Wete, dirisha likiwa wazi na mvua ikinyesha, unyevu hupita asilimia 80 bila shida. Yaani zile njugu za kumeta ziliwekwa katika hewa ambayo kwao ilikuwa sawa na kunyunyiziwa maji, na ndimu iliyoziokoa zisigande ndiyo iliyozidisha kiu yao. Katika nchi za baridi wakati wa kupika lozi za namna hii ni majira ya baridi. Ujerumani, kwa mfano, huuzwa katika masoko ya Krismasi zikiwa moto moto, na mtu huzila akiwa amesimama pale pale. Hewa ya ndani ya nyumba zao wakati huo, nyumba zikiwa zimepashwa moto, ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Maelekezo ya mpishi wa kwenye video yalikuwa sahihi kwa nyumba yake.

Hata hivyo, haingekuwa haki kutoa hukumu kwa ushahidi wa asubuhi ile peke yake. Njugu za mchanga zilikaa ndani ya kopo lililobanwa, nazo ziliwekwa baada ya kupoa. Za kumeta zilikaa katika karatasi, mbele ya dirisha, zikiwa na uvuguvugu. Mtu angeweza kusema kwamba kopo ndilo lililoshinda, na asingekuwa amesema upuuzi. Kwa hiyo siku ya Idi tatu, mvua ikiwa bado ipo, tulipika tena namna zote mbili kwa vipimo vile vile, tukaziacha zote zipoe kabisa kwa muda wa saa nzima, kisha kila namna tukaigawa mafungu mawili: fungu moja katika sahani wazi juu ya meza ya ukumbini, fungu jingine katika kopo lililofungwa.

Katika sahani wazi, zile za kumeta zilianza kushika kidole baada ya saa mbili, na kabla ya magharibi zilikuwa zimeshikamana. Za mchanga zilikuwa kavu kwa nje mpaka adhuhuri ya siku ya pili, ingawa kwa ndani njugu zenyewe zilikuwa zimepoteza sehemu ya ukavu wake wa kutafunika, maana njugu nayo inanyonya unyevu, sukari iwe vyovyote. Katika makopo, namna zote mbili zilikuwa nzuri siku ya pili. Siku ya nne, baada ya kopo kufunguliwa na kufungwa mara nyingi na watoto, za kumeta zilikuwa zimegandana mbili mbili na tatu tatu, na za mchanga hazikuwa na tatizo lolote. Hilo ni jaribio la nyumba moja katika siku chache, lakini limenitosha. Kopo lina kazi kubwa, na namna ya sukari pia ina kazi yake ambayo kopo haliwezi kuifunika.

Kuhusu uvuguvugu, niseme machache. Njugu iliyo na joto ndani inaendelea kutoa mvuke, na mvuke huo ukifungiwa katika pakiti hutua juu ya sukari. Wapishi wa maandazi wanalijua hili, ndiyo maana hawayafuniki kabla hayajapoa. Subira ya saa moja ingeziokoa pakiti zile kwa kiasi, si kwa kutosha.

Njia tuliyotulia nayo, na ambayo nawashauri watu wa visiwani waishike, ni kuipeleka sukari mpaka mchanga kisha kuendelea kidogo mbele, bila ya ndimu na bila ya kuongeza tone la maji. Vipimo ni vile vile. Chagua karai pana au kikaango kizito, kwa sababu cha bati jepesi huunguza katikati na kuacha pembeni. Koroga mara moja moja mpaka viputo viwe vizito, kisha usiuachie mwiko. Sukari ikiganda mchanga, usishtuke. Punguza moto uwe mdogo na uendelee kugeuza njugu kutoka chini kuja juu. Utaona mchanga uliolala chini ya karai ukianza kuyeyuka na kuwa kahawia, na kila ukigeuza, njugu zitauokota mchanga huo uliokuwa umebaki chini. Utasikia pia sauti ikibadilika: mwanzoni mwiko unakwaruza kama kwenye changarawe, baadaye njugu zinagonga karai kwa mlio mkavu, na moja moja huanza kupasuka kwa sauti ndogo. Hapo ndipo njugu yenyewe inapokaangika, kwa sababu maji yakishatoka joto ndilo linalopanda. Dakika nne au tano zinatosha. Epua wakati nusu ya kila njugu imeshika rangi ya kahawia na kung'aa kidogo, na nusu ya pili bado ina mchanga mweupe. Ukisubiri zimete zote umekwisha kuvuka, na umerudi kwenye kioo.

Njugu iliyopikwa hivi inakuwa na ladha ya sukari iliyoungua kwa uzuri, na juu yake ina koti la fuwele linaloilinda. Siielezi kama njia ya kati ya kuwaridhisha wote. Naiona ni bora kuliko zote mbili, hata kwa mtu anayekula papo hapo, kwa kuwa meno yanakutana kwanza na mchanga unaoyeyuka na kisha na ugumu wa kahawia, badala ya ugumu mtupu.

Moto ndio unaotaka akili zaidi. Kwenye gesi ni kugeuza kitasa. Kwenye seredani, ambayo bado ndiyo jiko la nyumba nyingi, makaa hayapunguzwi kwa amri. Inafaa kuanza na moto wa makaa yaliyokwisha kukolea, na shira ikianza kuwa nzito kuyatoa baadhi ya makaa kwa koleo na kuyafukia yaliyobaki kwa majivu. Ukiipeleka hatua ya mwisho kwa moto mkali, sukari ya chini huungua na kuwa chungu kabla njugu za juu hazijapata hata rangi, na uchungu huo hauna dawa. Nimeona watu wakijaribu kuufunika kwa iliki.

Jambo moja zaidi nalisema kwa msisitizo, kwa sababu jiko la usiku wa Idi huwa limejaa watoto wanaosubiri kuonja. Sukari katika hatua hii ina joto linalozidi sana lile la maji yanayochemka, tena inanata, haidondoki kama maji. Ikimgusa mtoto inakaa pale pale na kuendelea kuchoma. Usiku ule wifi yangu alizitenganisha njugu kwa uma huku akipuliza vidole, na mpwa wetu wa miaka mitano alikuwa amesimama kiwiko chake kikigusa sinia. Hakikutokea kitu, alhamdulillahi, lakini sasa ni sharti la jiko lile kwamba sinia huwekwa mezani juu na watoto hutolewa nje wakati wa kumimina. Mtu akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, na isipakwe dawa ya meno wala samli.

Viungo havina utata. Iliki na mdalasini vitiwe mwishoni, baada ya mchanga kutokea, la sivyo harufu yake huondoka na mvuke. Karafuu iliyosagwa ni ya kutiwa kwa ncha ya kijiko tu, ingawa tuko katika kisiwa chake. Chumvi isisahauliwe. Korosho zinakubali njia hii pia, ila kwa kuwa hazina ganda la kukwaruza, sukari huzishika kwa ulegevu zaidi, na zinaungua mapema. Dakika tatu baada ya mchanga zinazitosha.

Wapo watakaosema kwamba mgeni huvutiwa kwanza na macho, na kwamba sahani ya njugu za kijivujivu mbele ya halua na kashata haina haiba. Nimelifikiria, kwa sababu wifi yangu ndiye aliyelisema, naye ana jicho la kupamba. Anayetaka mng'aro kwa ajili ya sahani moja anaweza kuupata: apike karai dogo kwa ndimu saa moja au mbili kabla ya wageni kufika, azitenganishe, ziliwe ziishe. Asizipike usiku kwa ajili ya kesho, na asizitie katika karatasi kwa matumaini. Pakiti za watoto, makopo ya kupelekea ndugu, na chochote kitakachopanda boti au kulala, viwe vya mchanga. Na kwa kuwa wifi yangu alilazimika kukubali, alitafuta urembo wake mahali pengine: alianza kutia majani machache ya waridi makavu ndani ya kopo, na harufu inayotoka kifuniko kikifunguliwa humfanya mgeni asahau kutazama kama zinameta.

Mwezi Juni, kwa ajili ya Idi el Haji, masika yakiwa yamepita na kusi likivuma, alipika kilo mbili peke yake. Mama mkwe alinieleza kwa simu kwamba aliisikiliza ile sauti ya karai kuliko alivyoitazama saa, na kwamba shira ilipoganda aliipokea kwa kusema, "Haya, mchanga wangu umekuja." Kopo moja lililetwa Unguja kwa boti ya kutoka Mkoani, limefungwa kwa kanga kuukuu. Nililifungua siku ya tatu baada ya kupikwa, nikalitikisa kwanza kabla ya kutazama ndani, na likalia.